Kunde Bila Nazi

Jumatatu, 1 Septemba

Kunde za kuchemsha, mchicha, ugali wa dona. Vitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta. Nazi hakuna. Kesho samaki vibua wa kuchemsha na ndimu, sokoni wameshuka bei. Keshokutwa choroko. Nimeshapanga mpaka Jumapili.

Damasi alipimwa damu mwezi uliopita, akaambiwa lehemu, yaani mafuta kwenye damu, imepanda. Daktari amesema tuanze na chakula, dawa baadaye ikibidi. Mume wangu akaniomba kitu kimoja tu: mama yake asijue. Mwaka jana mama alimzika Hilari, kaka mkubwa wa Damasi. Hilari alianguka shambani kule Kitaya akipalilia mikorosho, hakuamka. Ndipo tukamchukua mama akae na sisi hapa Mtwara.

Basi mama nimemwambia tunabana matumizi. Aliliangalia bakuli la kunde kama mtu aliyeletewa maji ya kuoshea vyombo.

Alhamisi, 11 Septemba

Damasi halalamiki. Hili linanisumbua. Mwanamume huyu chumvi ikipungua kidogo husukuma sahani. Sasa namwekea bamia zisizo na kitu, anakula, anashukuru, anakwenda kulala. Anayenung'unika ni Neema peke yake, binti yetu wa kidato cha pili.

Mtu mwenye njaa hawi mpole hivi.

Jumapili, 21 Septemba

Kabla ya misa Damasi alikuwa anafunga mkanda. Tundu lake la siku zote halifiki tena. Amehamia la nje. Nilimwona kwenye kioo.

Mtu anayekula choroko na mchicha ananenepaje?

Kuna mtu anamlisha.

Jumanne, 7 Oktoba

Hospitali. Majibu yamepanda zaidi ya mwanzo.

Daktari aliniuliza mimi, si yeye: "Nyumbani mnapika nini?" Nikamtajia. Kunde, vibua, mboga za majani, dona, kuku mara mojamoja tena bila ngozi. Akaniangalia kama namdanganya. Damasi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Niliona aibu, kisha hasira. Halafu nikaogopa. Hilari naye alikuwa mtu wa nguvu, hana ugonjwa unaojulikana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeomba ruhusa ofisini, nikaenda bandarini. Damasi ni dereva wa winchi. Malori ya korosho yamepanga barabara nzima, vumbi tupu. Karibu na geti kuna mama lishe, kijana bado, mcheshi, wanaume wanamjazia meza. Nilishaamua kuwa ni yeye.

Nikaagiza chai. Nikauliza kwa kuzunguka.

"Damasi wa winchi? Huyo siku hizi hali hapa, dada. Anakunywa maji tu. Anasema anakula nyumbani."

Nyumbani kwa nani? Nimejiuliza hivyo mpaka nafika ofisini. Barua niliyochapa mchana ilirudishwa, ina makosa mistari yote.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefagia nyuma ya banda la kuku. Machicha ya nazi, mabichi, kuku wanayadonoa. Mimi nazi sijanunua tangu Agosti.

Nimemwuliza Neema, hajui. Mama alikuwa kibarazani anachambua mchele, anaimba taratibu kwa Kimakonde. Sikumwuliza. Nilizoa machicha nikayatupa.

Wiki ijayo Damasi yuko zamu ya asubuhi. Anafika nyumbani alasiri, mimi bado niko ofisini, Neema yuko shule. Nyumba nzima ni yeye na mama yake.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilimwambia bosi kichwa kinauma. Geti nililifungua polepole. Kunyemelea nyumba yangu mwenyewe.

Jiko la nje. Damasi kwenye kigoda. Mbele yake wali, kuku wa nazi, tui zito linang'aa kwa mafuta, na mihogo ya kukaanga pembeni. Mama amekaa kwenye mkeka, anamwangalia anavyotafuna. Damasi aliponiona mkono uliishia njiani.

Mama hakushtuka. "Mwanangu hafi na njaa kwenye nyumba yake," akasema. "Hela zake wewe peleka kwenu Singida. Lakini kula atakula."

Kumbe ndivyo ananifikiria. Nimemzalia mjukuu, nimemwuguza malaria kwa mikono hii. Mimi nilikuwa namshuku yeye, naye alikuwa ananishuku mimi, tangu lini sijui.

Jioni nikapika choroko kama nilivyopanga. Akakaa mezani, akala tena. Anakula mara mbili. Chakula cha mama anakila asimwumize mama, changu anakila nisijue mimi.

Leo nimemchukia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Damasi amenieleza, tukiwa tumekaa kibarazani, mama ameenda kwenye sala za jumuiya. Siku ile Hilari alitoka kwenda shamba tumbo tupu. Unga ulikuwa umekwisha ndani. Mama anaamini njaa ndiyo iliyomwua, na kwamba yeye ndiye aliyemwacha aondoke hivyo.

"Nikikataa chakula chake, analia."

"Mwambie unaumwa."

"Nikimwambia ataanza kunizika leo."

Nikamwambia aseme mpaka kesho jioni. Asiposema yeye, nitasema mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Hakusema. Alirudi kazini, akaoga, akatoka kwenda kuangalia mpira.

Nimesema mimi. Nilikaa na mama kwenye mkeka wake. Nilimwambia damu ya Damasi ina mafuta mengi, mafuta hayo yanaziba mishipa, na moyo unaweza kusimama ghafla. Nilimwambia Singida sijapeleka chochote. Kunde hizi ndiyo matibabu yake. Nimevunja ahadi, na sijuti.

Hakulia. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

"Hilari naye alikuwa nayo?"

"Sijui, mama. Hakupimwa."

Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula cha jioni hakula. Damasi hanisemeshi.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama amekwenda misa peke yake, amerudi peke yake. Bado simwamini. Asubuhi nimechungulia nyuma ya banda: hakuna kitu. Mchana nimechungulia tena. Nilipogeuka, amesimama mlangoni ananiangalia.

"Ukimaliza kukagua," akasema, "njoo unionyeshe hizo choroko unazifanyaje. Maana haziliki."

Nikamwonyesha. Mafuta nilipima mbele yake, kijiko kimoja. Alishika kile kijiko, akakitazama chini na juu, kama anatafuta kingine kilichofichwa.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimerudi kazini nikawakuta Damasi na mama wametoka hospitali. Leo alikwenda naye mama. Majibu yameshuka, si sana. Daktari amesema tuendelee hivihivi, atamwangalia tena mwakani kabla ya kuamua dawa.

Mama ndiye aliyepika. Vibua wa kuchemsha, nyanya nyingi, tangawizi, kisamvu kilichotwangwa na karanga kidogo. Tulikula wote wanne kwenye mkeka wake, nje, maana ndani kuna joto. Damasi aliongea habari za meli iliyochelewa. Neema alicheka.

Baadaye mama aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ugonjwa huu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Nikamwambia unaweza.

"Basi Jumatatu nipeleke na mimi. Na Neema."

Nimesema sawa. Alibaki amekaa pale, ameweka mkono kwenye goti la Damasi, wala hauondoi. Damasi naye hakusogea. Neema na mimi tuliondoa vyombo.