Mjomba, Kaa Mmoja Ananitosha

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu nakuogopa, na kwa sababu baada ya hapa adabu itanipungukia.

Barua yako imenifikia kazini, hapa Bofa. Unasema siku ya Idi utakuja kuichukua kompyuta yako, na kabla hujafika niutie kwenye ule mchezo wetu wa kompyuta mji mzima wa Malindi, upate kuwaonyesha rafiki zako wa Dubai. Mji mzima! Mimi ni karani wa hoteli, nina Jumapili tu.

Unakumbuka tulivyoanza? Tuliiunga mashine kwenye televisheni ya mama, tukakubaliana: kaa mmoja avuke mchanga asikanyagwe, aingie shimoni. Basi. Ukanicheka, "Karani, hata mtoto mdogo wa chuoni angeumaliza huu!" Nikafurahi, maana nilijua nauweza.

Kisha ukaanza ukarimu wako. Kila aliyekuja kutujulia hali ulimkaribisha mchezoni kama unavyomkaribisha chai. Bi Zuhura, jirani yetu, akauliza, "Na mbuzi wangu je, hana nafasi?" Ukamjibu, "Mbuzi wako ndiye mwenye nyumba, Bibi!" Fundi cherehani akataka baiskeli yake. Mama akataka kisima. Wewe uliahidi, mimi nikaandika programu, maana nani angethubutu kumkatalia Bi Zuhura mbele yako? Halafu ukapanda ndege. Wiki ile ile kumbukumbu ya mashine ikajaa, kaa akakwama palepale mchangani, na watu wakaja kuniuliza mimi.

Nimekasirika, Mjomba. Jumapili zangu umezigawa kama halua ya harusi.

Nimemtoa mbuzi. Nimetoa baiskeli na kisima. Bi Zuhura amenuna: "Kumbe mashine yenu ina choyo." Nami nikamjibu, "Ndiyo, Bibi, ina choyo." Na Malindi haiingii, hata nyumba moja.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, kaa aliingia shimoni na mchezo ukaishia hapo, kama tulivyokubaliana. Niliruka. Nikageuka kukuita, nikaona kiti kitupu. Hapo ndipo hasira iliponishika kwelikweli: pamoja na yote uliyonifanyia, bado nilitaka wewe ndiye uone.

Njoo uchukue mashine yako. Mchezo nimeuhifadhi kwenye kanda ya kaseti, na kanda ni yangu. Ukitaka kuucheza, uje peke yako.

Mimi mpwa wako, niliyekasirika na ninayekungoja.