Cobol Uliyosema Imekufa

Mpendwa ndugu yangu Kiprono,

Mama ameniambia umepata kazi kwenye benki huko Nairobi, unarekebisha programu za Cobol zisikwame kwa tarehe mwaka wa elfu mbili ukifika. Alidhani nitafurahi. Nimekasirika, na wewe ndiye utasikia.

Unakumbuka ile Krismasi ulipokuja nyumbani Boito kutoka chuo kikuu? Baba alikuwa amerudi kutoka kupeleka majani ya chai, tukaketi naye jikoni kwa Mama tukinywa maziwa ya mursik. Mimi nilikuwa nasomea kompyuta Kericho mjini. Nikakueleza kwamba tumemaliza lugha ya kompyuta iitwayo dBase, sasa tunaanza nyingine, Cobol.

Ulicheka. "dBase si lugha. Hiyo ni kabati ya kuweka majina."

Nikakuambia naiandikia maagizo, inayafuata, inarudia kazi, inaamua. Kama hiyo si lugha, lugha ni nini?

"Lugha ni C. Na hiyo Cobol ni ya wazee, imekufa. Hakuna mtu ataandikwa kazi kwa sababu ya Cobol."

Tungebishana hadi usiku na ningefurahi. Tangu tukiwa wadogo tulikuwa tukichuma chai tukibishana, vikapu mgongoni, mpaka Mama anatutenganisha. Lakini siku hiyo uliniacha, ukamgeukia Baba. "Baba, huyu anapoteza wakati. Afadhali asomee kupiga taipu."

Baba hakujua Cobol ni mnyama gani. Alijua tu kwamba wewe ndiye umesoma. Januari sikurudi chuoni. Nilichuma chai na mvua ikininyeshea, na vitabu vyangu ukavibeba, ukisema utavipitia tu.

Kumbe ulivipitia kweli.

Kukosea ningekusamehe, hata walimu wetu walikosea. Lakini ule ubishi ulikuwa wetu wawili, Kiprono. Ungenishinda kwa maneno, ningenyamaza. Ulinishinda kwa Baba.

Sasa Mama anasema wewe na mke wako mnataka nije niwalelee mtoto. Sitakuja. Jumatatu ninarudi chuoni. Nilimwambia Baba mwenyewe, akaniuliza, "Umeuliza ndugu yako?"

"Hapana, Baba. Nakuambia wewe."

Alivuta kiti, akavua viatu vyake vya gamboots pole pole. Kisha akasema, "Basi nenda."

Msalimie mke wako. Mtoto mtafutieni yaya mwingine.

Ni mimi niliyekufuata kuzaliwa,
Chepkoech