Chuma cha Léa

Lubumbashi, Jumanne

Mudogo wangu Faustin,

Nakusalimu wewe, mama Edith na batoto bote wa nyumba. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hapa tuko bazima. Mvua imekwisha, asubuhi baridi inauma. Nampa dada yetu Mado barua hii kwa sababu anakuja huko Mokambo kuchukua bidhaa zake, na kwa sababu mara tatu nilishika simu nikupigie, mara tatu nikaiweka chini.

Kwanza niambie mukono wa binti yako Léa unaendeleaje. Vidole vinakunjika? Mado anasema mutoto anajifungia chumbani, hasemi, na wewe umemukasirikia kwa sababu chuo kimesimamisha kazi yake. Kabla hujamugombeza tena, soma mpaka mwisho.

Unajua alikuja kufanya memoire yake, ile kazi ya kumaliza masomo, katika labo ya chuo ninamofanya kazi. Alitaka kujua jiwe la chuma linabadilikaje ndani tunapolipitishia gazi yenye moto. Alisaga jiwe jekundu, akaviringa vidonge vidogo kama njegere, akavipanga ndani ya bomba la tanuru, kisha tukapitisha hidrojeni. Gazi ile inalinyang'anya jiwe oksijeni yake. Wekundu unageuka weusi, weusi unageuka kijivu, na kijivu ndicho chuma. Lakini oksijeni ilipotoka panabaki matundu. Alinionyesha kwa mikroskopu kidonge alichokikata katikati: nyufa zilianza mapema, pale wekundu unapogeuka weusi, kwa sababu jiwe linavimba, na chuma chenyewe kilikuwa matundu matupu kama sifongo. Wiki sita alitafuta kiasi cha moto kisichovunja vidonge. Siku ile alikuwa amekipata. Vidonge kumi na viwili, vizima vyote.

Ilikuwa Alhamisi. Profesa Bwalya, mukubwa wa labo, alikuwa anangoja bageni wa kampuni moja. Tanuru ilikwisha kuzimwa, lakini azoti, ile gazi tunayoipitisha ili hewa isiingie, ilikuwa ingali inapita. Léa alibandika karatasi kwenye tanuru: hakuna kufungua kabla ya saa tisa. Chuma chenye matundu hivyo kikikutana na hewa kabla hakijapoa, kinawaka.

Saa tano na nusu gari la bageni liliingia uani. Azoti ikafungwa, bomba likafunguliwa, vidonge vikamwagwa kwenye sahani ya chuma. Kwanza vilikaa tu, kijivu, kimya. Halafu kimoja kikatoa doa jekundu, na cha pembeni yake, na kabla hatujapumua sahani nzima ilikuwa inawaka kama makaa kwenye jiko la mbabula. Meza ile ilikuwa karibu na mutungi wa hidrojeni. Léa aliruka, akaisukuma sahani mbali. Kwa mukono mutupu, Faustin. Asingefanya vile, leo mungekuwa mumetuzika sisi bote babili.

Moto ulipokwisha, vidonge vilikuwa vimerudi kuwa jiwe, vyeusi na vyekundu, vimepasuka. Profesa aliingia akamukuta mutoto na mukono chini ya maji. Akauliza nani alifungua.

Mudogo wangu, ni mimi niliyefungua. Niliweka kiganja juu ya bomba, nikaona limepoa. Léa aliniambia kwa heshima yote, "Baba mukubwa, inje iko baridi, lakini ndani iko moto. Tungoje." Nikamujibu, "Nilikuwa nayeyusha shaba mbele ya kuzaliwa kwako." Nilitaka bageni bafike baone chuma kikitoka mikononi mwangu. Shaba haikunifanyia vile hata siku moja. Na Profesa alipouliza, nilisema, "Mutoto alikuwa na haraka." Léa alinitazama. Alifungua kinywa. Kisha akakifunga, kwa sababu mimi ni mukubwa wa baba yake, na wewe ndivyo ulivyomulea.

Siku kumi na tisa macho yale hayajaniacha. Jana niliingia kwa Profesa, nikamwambia yote, nikaandika na kusaini. Akaniomba funguo za labo. Wiki ijayo nitajua kama kazi yangu imekwisha. Sikuandikii ili unihurumie.

Léa anangojwa Jumatatu. Profesa amesema tanuru ni yake, aanze upya pale alipofikia, na kwamba yeye Profesa mwenyewe atamuomba samahani mbele ya banafunzi benzake. Ukimaliza kusoma, mupe barua hii aisome kwa macho yake. Akitaka kuichana, aichane. Akifika hapa mujini atakaa kwa Mado, si kwangu. Nimekwisha kupanga hivyo. Na siku atakayonipita njiani bila salamu, wewe usimulazimishe.

Musalimie mama Edith, umwambie naomba msamaha wake yeye mama ya mutoto, kabla ya wako. Mungu abalinde bote.

Mimi kaka yako,
Ephraïm