Kipa wa Tatu Ukutani Kwako

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na shemeji ameacha kukukimbiza alfajiri kwa jina la mazoezi. Huku hatujambo, ila mgongo wangu umegoma. Mwaka huu nimepanda ngazi mara 1,239: ofisi 413, mara tatu kila moja. Wewe umepanda cheo, mimi nimepanda ngazi.

Mwezi wa kwanza mkuu wa nchi alitaka picha mpya, eti ile ya zamani inamzeesha. Nikatundika zote. Mwezi wa pili akajiuzulu! Nikatundika kaimu. Kaimu naye akakaa siku tisini na moja, uchaguzi ukamfagia, nikarudi ngazini na huyu wa sasa. Muuza magazeti jirani yangu akanishauri nitumie bawaba badala ya misumari.

Katikati ya hayo timu ya taifa ikachukua kombe. Kwa siku kumi na moja hakuna aliyeuliza bei ya kitu. Waziri akaamuru wachezaji wote ishirini na watatu wapigwe picha wakiwa na suti, na fremu nikatengeneza mimi, hata ya kipa wa tatu, ambaye dakika alizocheza ni sifuri. Hata mabalozi wa nyumba kumi, wanaojua kila mtu mtaani, hawamjui.

Sasa kaka, kaa chini kwanza. Nimesikia Ijumaa mkuu wa nchi anakuja kuzindua tangi la maji, na atapumzika ofisini kwako. Nimesikia pia kwamba wewe huwaonyesha wafanyakazi picha iliyo juu ya kiti chako, ukiwaambia waitazame hekima iliyomo machoni mwake.

Yule ni kipa wa tatu.

Nilitaka kukudanganya kwamba picha zilipungua. Hazikupungua, zilikuwa 413, na mimi sikosei kuhesabu. Siku ile nilipokuja kutundika, wageni wako walikuuliza mimi ni nani, ukawajibu kuwa ni mtu wa misumari tu, wasimjali. Mimi, niliyeanza na nyundo ya kuazima na leo nina karakana yenye mafundi sita, ndugu yako wa tumbo moja! Nikashuka, nikaenda kwenye gari, nikarudi na kipa. Miezi minne amekutazama kisogo, na hakuna aliyeshtuka.

Nilikosa, nisamehe. Mkuu halisi yupo nyuma ya kipa, kwenye fremu ileile. Usijaribu kufungua mwenyewe, kioo kitakukata. Alhamisi saa nne nitafika na ngazi yangu. Sharti langu ni moja: nikiingia, waambie wote waliomo kuwa huyu ni mdogo wako. Kwa sauti, hata karani wa mlangoni asikie.

Msalimie shemeji, na wanao wote wanne nibusie mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Fremu