Kona ya Vinyonga

Wazee wetu wa ukoo, shikamooni. Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Akina mama, kaka na dada mliopanda Masama kwa ajili ya Krismasi, nawasalimu. Wazee wamenituma nitangaze uamuzi wao wa asubuhi. Kwa ruhusa yenu, nitautangaza kwa kumwandikia asiyekuwepo.

Shangazi mpendwa,

Nilikuwa darasa la tatu uliponiita kwenye kona yako ya kihamba, shamba letu la ukoo, ukaniwekea kinyonga mkononi. Alinibana kidole kama mtoto mchanga. Jirani yetu, Mama Aika, akapiga kelele toka njiani: "Binti, mtupe huyo! Nani atakuoa?"

Wala hukugeuka. "Mama Aika, wewe hujawahi kumshika hata mmoja. Mbona mzee wako bado anakukimbia kwenda kwenye pombe ya mbege?"

Ulikuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo huu kusomea wanyama chuo kikuu. Hata hivyo, msafara wa utafiti ulipopanda msituni, kiongozi alikupanga jikoni. Baridi ya juu, alisema, si ya wanawake. Jibu lako ulitusimulia ukicheka hadi machozi: "Na atakayewapikia huko juu, yeye hatasikia baridi?" Kesho yake uliingia msituni kutafuta vinyonga, na wanaume wakamenya viazi kwa zamu.

Jambo moja tu hukulicheka. Kihamba hurithiwa na wavulana, nawe uliishi kwenye kona hii kwa hisani ya baba yangu, kaka yako. Ulihofu kwamba ukishafumba macho, ua wa miti unaoizunguka utakatwa, na vinyonga wako watakosa makao.

Leo mimi nafundisha biolojia, na Neema, binti wa kaka yangu, anasomea wanyama kama wewe. Nikimwona ameinamia ua wako, natembea kifua mbele. Jana Mama Aika, aliyekwisha kuwa bibi wa mkongojo, alisimama njiani akamwuliza: "Mjukuu, huyo wa pembe mbili ndiye dume?"

Sasa sikia, Shangazi, nanyi mliokusanyika msikie. Wazee wameamua kwamba kona hii ni ya Neema, kwa haki yake mwenyewe, wala si kwa hisani ya kaka. Ua hautakatwa. Miche ya masale, alama yetu ya mpaka, imelazwa pale mlangoni. Kila kaya ichukue isale moja, twende tukapande sasa hivi. Nyama itatusubiri.

Pumzika, Shangazi. Vinyonga wako wana mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako