Mguu wa Kabanga

Jumatatu, 4 Machi
Chai. Redio. Umeme umekatika kabla maji hayajachemka vizuri. Habari ya malori yaliyokwama njia ya Kipushi nimeituma gazetini. Jirani yangu Mama Mbuyi amempeleka Kabanga hospitali. Goti limevimba kama papai. Pacha wake, Mbuyi, mzima kabisa. Wana miaka sita.

Jumatano, 6 Machi
Usaha umefika kwenye mfupa. Daktari atapasua Ijumaa. Akikuta mfupa umeoza, atakata mguu. Alisema bila kuzungukazunguka. Nimempenda kwa hilo. Mama Mbuyi hakulia. Aliuliza tu mtoto huyu amemkosea nani. Nimeandika kuhusu migodi mingi iliyoporomoka. Swali hilo nimelisikia kila mara.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa watu wa Kasai, kwao Mama Mbuyi, pacha hapewi kitu peke yake. Kabanga kafungwa bendeji, Mbuyi akadai yake. Mama akamfunga goti lilelile, akawalaza kitanda kimoja. Akaja mchungaji wao. Kwanza alimtaka mama atafute dhambi aliyoficha. Kisha akamwekea mikono Mbuyi, akaomba mpaka jasho likamtoka. Kabanga alivumilia, mwisho akashindwa.

"Pasta, ule haiko mugonjwa! Mugonjwa ni miye!"

Wodi nzima ilicheka. Mama mmoja aliyepasuliwa juzi alishika tumbo akituomba tumwonee huruma.

"Mungu anajua anwani," mchungaji akasema.

"Na ile zambi, Pasta, ilijua anwani?" Mama Mbuyi akamuuliza. "Hawa balitoka tumbo moja. Mbona ilipiga mumoja tu?"

Mchungaji akavuta kiti, akakaa. Swali bora la mwaka, na sikuliuliza mimi.

Ijumaa, 8 Machi
Kabanga ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Mchungaji alirudi na mkate. Hakutaja dhambi. Alikaa nasi kwenye benchi. Mbuyi alikataa kula mpaka mwenzake apate. Niliogopa. Sana.

Mchana daktari akatoka. Mfupa haujaoza. Mguu unabaki. Mama Mbuyi alimkumbatia daktari, kisha mchungaji, kisha mlinzi ambaye hakujua lolote.

Jumapili, 7 Aprili
Kabanga amekwenda kanisani kwa miguu yake. Anachechemea, hataki kushikwa mkono. Njiani nilimuuliza mama yake kama Mungu amemjibu. Bado, alisema. Ndiyo maana anakwenda, akamuulize tena.

Wao waliingia. Mimi nilikaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nyimbo zilisikika vizuri.