Mashine Inayochoka Mchana

Jumatatu, 9 mwezi wa sita

Umeme umerudi. Nimewasha mashine, kompyuta yetu ya nyumbani, nikaenda kufua nguo, nikaanika, nikarudi: kiduara bado kinajizungusha tu. Mémoire yangu, andiko la kumaliza chuo, lazima ifike kwa profesa Ijumaa. Ikichelewa, mwaka mzima umeenda. Profesa hana huruma. Nami sina subira.

Jumanne, 10

Nimefuta michezo. Nimefuta programu zisizo na kazi, nikazuia zile zinazojiwasha zenyewe. Nimetafuta virusi: hakuna. Asubuhi yote imekimbia vizuri. Mchana, konokono. Unagusa herufi, unangoja, ndipo inaonekana.

Ni filamu za Paluku. Kaka yangu huyu anaendesha pikipiki njia ya Kibumba wiki nzima, Jumapili anajaza mashine sinema. Nimezifuta zote bila kumwuliza. Afadhali.

Jumatano, 11

Paluku ameondoka bila kunywa chai. "Ungeniuliza kwanza, Masika." Basi.

Na mashine vilevile. Asubuhi mbio, mchana usingizi. Leo imezimika yenyewe katikati ya sura ya tatu, na kurasa zangu zimepotea. Nimelia. Naogopa kweli. Nilipoishika ubavuni ilikuwa moto kama pasi.

Alhamisi, 12

Nimepata! Kosa la nyumba yetu, na pengine la nusu ya Goma. Huku kila kitu kinavishwa kitambaa cha kufuma: redio, televisheni, hata migongo ya viti. Vumbi la volkano halina adabu, linaingia bila hodi. Mama alikifumia kisanduku cha mashine vazi zima, akashonea nailoni ndani ili vumbi lisipenye. Nami nikamsifu! Kumbe matundu ya hewa yamezibwa. Joto linabaki ndani, hadi mchana limejaa, mashine inapunguza mwendo isije ikaungua.

Nimeizima, nikachomoa waya, nikaivua vazi, nikaifungua. Feni imejaa vumbi jeusi. Nimelitoa kwa brashi kavu, polepole. Tangu hapo inakwenda, hata mchana.

Nimemwambia Mama. Ameligeuza lile vazi mikononi.

"Basi ni mimi njo nilikuwa nakuchelewesha, mutoto wangu?"

Imeniuma. Nimesema ni vumbi. Nusu uongo, sijutii.

Paluku nimemwomba msamaha. Amecheka, akasema mimi nahukumu kwanza, kesi nasikiliza baadaye. Ana haki.

Ijumaa, 13

Usiku kucha nimeandika upya kurasa zilizopotea, asubuhi nikachapisha. Profesa amepokea. Amepima uzito wa mémoire mkononi, akaniambia niende. Nimerudi kwa miguu, natabasamu peke yangu njiani. Watu waseme watakalo.

Jumapili, 15

Baada ya misa Mama amefuta mikono, akaketi mbele ya mashine. Miaka yote ameitunza, hajawahi kuandika nayo hata herufi moja.

"Nionyeshe."

Nimemwekea ukurasa mweupe. Ametafuta K. Ameipata. Ametafuta A, macho karibu kabisa na vidole. Nilitaka kumshika mkono nimwonyeshe. Nikakunja mikono yangu.

Kavira. Jina lake.

Amechukua muda mrefu. Mashine ilimngoja, nami nikamngoja.